Damu Iliyovilia Chini ya Ngozi

Kila juma katika dispanseri yetu anakuja mtu mwenye mguu au mkono uliovimba, na ngozi yake imegeuka rangi. Ameanguka kwa pikipiki, au tawi limemwangukia shambani, au mbuzi amemvuta kwa kamba akapiga kifua juu ya jiwe. Kabla sijamgusa, ndugu zake wananiuliza neno moja, sikuzote lile lile: "Munganga, damu imekufa humo ndani. Je, tuchanje itoke?" Na mara nyingi hawangoji jibu, maana wamekwisha kuchanja nyumbani.

Jibu ni hapana. Lakini hapana peke yake haimsaidii mtu, kwa hiyo nataka kukueleza polepole kwa nini.

Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 7. Mtoto aliteleza mtoni akichota maji, akapiga paja juu ya jiwe. Hakuvunjika. Paja lilivimba kidogo na kuwa jeusi kuliko lile lingine. Bibi yake alichukua wembe akamchanja chale 12, akapaka masizi ya chungu pamoja na majani yaliyotwangwa. Siku ya nne paja lilikuwa moto kama mkate unaotoka jikoni, usaha ukatoka katika zile chale, na mtoto akashikwa na homa kali. Alilala kwetu siku 15, akapigwa sindano asubuhi na jioni. Pigo lenyewe lingalikwisha katika siku hizo hizo, bila sindano hata moja. Simlaumu yule bibi. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, tena alikesha na mtoto usiku wote. Lakini wembe wake ulifungua mlango ambao jiwe halikuufungua.

Basi, ni nini kinachotokea chini ya ngozi? Katika ngozi na nyama zetu mna mishipa ya damu midogo sana, mingine myembamba kuliko unywele. Mtu akipigwa na kitu kisicho na makali, ngozi inabaki nzima, lakini mishipa ile inapasuka. Damu inaacha njia yake na kuingia kati ya nyama, kama maji ya mfereji uliobomoka yanavyoingia shambani. Baada ya muda mfupi inaganda, na kule kuganda kunaziba mishipa iliyopasuka. Ndipo mwili unatuma watumishi wake, yaani chembe za damu zenye kazi ya kusafisha, nazo zinakula damu iliyomwagika kidogo kidogo. Chuma kilichomo ndani ya damu hakitupwi. Mwili unakiweka akiba na kukitumia tena kutengeneza damu mpya. Kwa hiyo damu ile haiozi mahali ngozi haijapasuka. Anayeitoa kwa wembe anamwaga mali ya mwili wake mwenyewe, na pamoja na hayo anaweza kuingiza pepopunda, na ikiwa wembe ulitumika kwa mtu mwingine, ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI.

Rangi nazo zina maana yake. Kwanza ni nyekundu, kisha bluu au nyeusi, baadaye kijani, halafu manjano, na mwisho kahawia. Watu wengi wanaogopa wakiona kijani, wanasema sasa nyama inaoza. Sivyo. Ninyi mama mliosafisha kuku mnajua rangi ya nyongo. Mwili unapovunja damu unatengeneza rangi zile zile za nyongo, kwanza ya kijani, kisha ya manjano. Kijani ni dalili ya kazi inayoendelea. Kwa kawaida yote yanakwisha kwa juma 2 hivi, ila mguuni inakawia zaidi. Tena damu inashuka, kama maji yanavyofuata mteremko. Mtu aliyepigwa pajani anaweza kuona goti lake likigeuka rangi siku ya tatu, na aliyepigwa kipaji cha uso anaamka na kope iliyovimba. Wanasema ugonjwa unatembea, au kwamba kuna mtu amemrogea jicho. Ni damu tu imeteremka.

Hapa nina neno juu ya ngozi yetu nyeusi. Vitabu tulivyosomea vilikuwa na picha za watu weupe, na juu ya ngozi ya namna ile alama inaonekana mara moja. Kwetu sivyo. Nimeona wauguzi vijana wakisema "hakuna kitu" kwa sababu hawakuona wekundu. Mpeleke mgonjwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, usimtazame kwa taa. Linganisha upande ulioumia na upande mzima. Mahali pa pigo pataonekana peusi zaidi, au pa zambarau, na ngozi imevutika na kung'aa. Kisha tumia mkono wako: weka nyuma ya vidole usikie kama pana joto, gusa taratibu usikie kama ni pagumu au kuna uvimbe, muulize mgonjwa panapouma zaidi. Viganja, nyayo, ndani ya mdomo na weupe wa jicho vinaonyesha rangi vizuri kwa kila mtu. Tena bonyeza kwa kidole kisha achia. Wekundu wa ngozi iliyowashwa au kuungua na jua unafifia ukibonyezwa, maana damu yake ingali ndani ya mishipa, inasukumwa tu. Damu iliyovilia haififii.

Matunzo yake si kazi kubwa. Siku ile ile, chovya kitambaa safi katika maji baridi ya mtungi, kamua kidogo, weka juu ya pigo kwa dakika 10 hata 20. Rudia mara kadhaa kwa siku, siku ya kwanza na ya pili. Kama mna barafu, ifungeni kwanza katika kitambaa, maana barafu tupu inaunguza ngozi. Ubaridi unafanya mishipa ikaze, damu inayomwagika inapungua. Mkono au mguu upumzishwe, uinuliwe juu ya mto au furushi la nguo, upite kimo cha moyo. Ukifunga bandeji, isiwe ya kubana. Vidole vikipata ganzi au kuwa baridi, ifungue. Baada ya siku 2 unaweza kugeuza na kuweka kitambaa cha maji ya vuguvugu, ambacho kinasaidia damu kuondoka upesi. Maji ya moto siku ya kwanza yanaongeza uvimbe, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi hata katika nyumba za watu waliosoma.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Mtu mzima anameza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500, anangoja saa 6 kabla ya kurudia, wala asipite 8 kwa mchana na usiku. Mtoto anapimiwa kwa uzito wake, uliza kituoni. Usimpe aspirini, maana inazuia damu isigande, na kwa watoto ina hatari nyingine pia. Zile dawa za kuyeyusha damu ambazo wazee wengine wanapewa kwa ugonjwa wa moyo zinafanya hivyo hivyo; mzee anayezimeza akianguka na kupiga kichwa, aletwe hata kama anacheka.

Usikande pigo kwa nguvu. Najua kwamba kila kijiji kina mama anayejua kukanda, na kwa mgongo uliochoka simkatazi. Lakini paja lililopigwa sana likikandwa siku za kwanza, damu inamwagika tena, na mara nyingine ndani ya nyama panaota kitu kigumu kama mfupa, mtu asiweze kukunja goti kwa miezi. Mafuta ya mawese yakipakwa polepole juu ya ngozi nzima hayadhuru, wala hayaponyi.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike. Alama ya nje si kipimo cha pigo la ndani. Nilijifunza hili kwa aibu.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa muuguzi mpya katika kituo kimoja mbali na hapa, mama alileta mvulana wake wa miaka kama 10. Alikuwa ameanguka na baisikeli ya baba yake, na ncha ya usukani ikampiga chini ya mbavu za kushoto. Nilimtazama. Palikuwa na alama ndogo ya mviringo, upana wa kizibo cha chupa. Nikacheka naye, nikampa parasetamoli, nikamwambia mama arudi nyumbani. Mama akasema, "Munganga, anasema bega linamuuma." Nikamjibu kwamba bila shaka aliangukia bega pia. Walikwenda.

Usiku mama yule hakukubali neno langu. Aliona midomo ya mtoto imepauka, jasho baridi linamtoka, na tumbo limekuwa gumu. Akamwamsha mume wake na jirani mwenye pikipiki, hawakupita kwangu, wakaenda moja kwa moja hospitalini. Daktari alimpasua usiku ule ule. Wengu wake ulikuwa umepasuka na tumbo limejaa damu. Baba alitoa damu, na kaka yake mkubwa naye akatoa. Mtoto alipona. Aliishi kwa sababu mama yake hakunitii.

Wengu ni kile kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Katika nchi yetu, watu waliopata malaria mara kwa mara, hasa watoto, wana wengu uliovimba, na wengu uliovimba unapasuka kwa pigo dogo ambalo mtu mwingine asingelijali. Damu ikimwagika ndani, inachokoza chini ya mapafu, na maumivu yanasikika begani kwa kushoto. Yule mtoto alikuwa ananiambia ugonjwa wake waziwazi, nami sikusikia. Basi, mtu yeyote aliyepigwa tumboni au mbavuni, na maumivu yanazidi badala ya kupungua, au bega linauma bila kuguswa, au anapauka, ana kiu, anazimia akisimama, tumbo linakaza, mpeleke hospitalini panapopasuliwa watu. Usimpe chakula wala kinywaji njiani. Wala asikudanganye alama ndogo. Wengine hawana alama hata kidogo.

Kichwa ni vivyo hivyo. Uvimbe wa kipaji kwa mtoto aliyeanguka, akalia mara moja, kisha akacheza na kula, hauogopeshi sana. Mtazame mchana na usiku ule. Lakini akitapika tena na tena, akisinzia asiamke vizuri, akisema kichwa kinazidi kuuma, akishikwa na degedege, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, usingoje asubuhi. Kuna alama moja ambayo watu wanaipuuza kwa sababu inatokea kwa kuchelewa: baada ya siku 1 au 2 macho yote mawili yanazungukwa na weusi kama miwani, ingawa hakuna aliyempiga machoni, au weusi unatokea nyuma ya sikio. Pengine maji maji yanatiririka puani au sikioni. Hiyo inaonyesha kwamba mfupa wa chini ya ubongo umepasuka. Usizibe pua wala sikio, mlete.

Na mguu au mkono uliobanwa na gari au mti, ukikaza kama ngoma, ukiuma kupita kiasi hasa unaponyoosha vidole vyake, kisha vidole vikafa ganzi, nyama zake zinakosa damu, na kwa saa chache zinaweza kufa. Fungua kila kitu kilichoufunga, njoo upesi.

Wako wengine wanaokuja na alama wala hawakupigwa. Hao nawaogopa kuliko walioanguka. Mtoto mwenye alama nyingi mahali pasipogongwa kwa michezo, kama mgongoni na tumboni, tena fizi na pua zinatoka damu, amepauka na kukonda, damu yake inaweza kuwa na ugonjwa mkubwa, hata kansa ya damu. Mvulana anayevimba magoti kwa pigo dogo, ambaye alitoka damu siku nyingi alipotahiriwa, na wajomba zake upande wa mama walikuwa vile vile, damu yake haigandi vema tangu tumboni mwa mama yake. Jambo hilo lisemwe kabla hajang'olewa jino au kupigwa sindano ya msuli. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa ini naye anavilia damu kwa urahisi. Homa kali pamoja na madoa madogo ya damu yasiyofifia ukibonyeza, na shingo kukaza, ni kazi ya saa, si ya siku. Na aliyeumwa na nyoka, mguu ukivimba na kugeuka rangi na fizi zikatoka damu, asichanjwe, asifungwe kamba, asiwekewe jiwe jeusi. Abebwe bila kutembea.

Halafu wako waliopigwa, nao wanasema wameanguka. Mama anaingia, ana alama za vidole juu ya mkono, nyingine mgongoni, nyingine imekwisha kuwa ya manjano, na mume anajibu kabla yake. Mimi namwomba mume angoje nje, nasema ni desturi ya chumba cha matibabu. Wakati mmoja wazee wa kanisa waliniita katika baraza, wakataka niseme kwa rangi ya alama kama mke yule alipigwa Ijumaa au Jumapili, kusudi wajue nani anasema uongo. Niliwajibu kwamba siwezi, wala hakuna munganga awezaye. Rangi inaonyesha tu kwamba alama hii si mpya kabisa. Siku haiisemi, maana ngozi ya mtu mmoja na ya mwingine hazipiti kwa mwendo mmoja. Nikawaambia pia kwamba alama ni 9, na kwamba kwa kuhesabu sikuhitaji kusomea.

Mtoto mchanga asihesabiwe hapo kwa haraka. Wengi wetu tunazaliwa na doa la bluu au kijivu kiunoni au matakoni, linalofanana sana na pigo. Haliumi, halivimbi, halibadiliki rangi kwa juma 2, na linafifia lenyewe mtoto anapokua. Mkunga asisingiziwe.

Damu ikiisha kuondoka, na hasa kidonda au kuungua kukipona, mara nyingi panabaki doa jeusi. Hilo si damu tena. Ngozi iliyojeruhiwa inatengeneza rangi yake kupita kiasi, na kadiri mtu alivyo mweusi doa linaonekana zaidi. Linafifia kwa miezi, pengine mwaka au kupita. Usilisugue kwa jiwe wala limau. Lifunike jua lisilipige, paka mafuta mepesi ngozi isikauke. Mahali palipoungua panaweza kuwa peupe badala ya peusi. Kama kuungua hakukuwa kwa kina, rangi inarudi polepole kuanzia kwenye vinyweleo.

Mama wa yule binti wa chale alirudi miezi baadaye. Paja lilikuwa zima, na mahali jiwe lilipopiga hapakuonekana kabisa. Lakini zile chale 12 zilibaki, nyeusi na zimeinuka kama punje za mahindi. Akanionyesha sabuni aliyonunua sokoni ya kuziondoa. Nilisoma karatasi yake: iliandikwa calomel, ambalo ni jina la chumvi ya zebaki. Zebaki inang'arisha ngozi kweli, kisha inaingia mwilini na kuharibu mafigo, na mama mwenye mimba anampitishia mtoto. Mataifa mengi yalipatana huko Japani mwaka 2013, katika mapatano yanayoitwa ya Minamata, kwamba sabuni na krimu za namna hiyo zikomeshwe kufikia mwaka 2020, lakini sokoni zingalipo. Krimu nyingine zina haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya kotizoni; hizi zinafanya ngozi kuwa nyembamba, ivilie damu kwa kuguswa tu, na mtu akihitaji kushonwa, uzi unakata ngozi kama karatasi iliyolowa. Nikamwambia aache chale hizo kama zilivyo. Binti mwenyewe hakuzijali, alikuwa anaruka kamba nje.

Bado madoa 2 ambayo watu wanayaita ya pigo, nayo siyo. La kwanza ni baka lililopauka au jekundu kidogo ambalo halisikii. Gusa kwa unyoya wa kuku, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asiposikia, huenda ni ukoma, na dawa zake zinatolewa bure, za miezi 6 au 12, nazo zinaponya. La pili ni doa jeusi chini ya unyayo, au mstari mweusi chini ya ukucha. Ukucha uliogongwa na nyundo unakuwa mweusi siku ile ile, na weusi ule unasogea mbele ukucha unapoota, hata unakatwa na kutupwa. Ukiona weusi wa ukucha hausogei bali unapanuka, na kuingia katika ngozi ya pembeni, au doa la unyayo linakua mwezi kwa mwezi, lina kingo zisizo sawa, au linatoka damu, usiseme kwamba ulikanyaga jiwe. Hiyo yaweza kuwa kansa ya ngozi, na kwa watu weusi inapenda sana mahali hapo. Ikiwa ndogo inakatwa. Siku ya kuoga, keti juu ya kigoda, geuza nyayo zako uzitazame, na za mama yako mzee ambaye hawezi tena kuinama.